Gauni la Bluu na Maji ya Limau

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya mlango wa bati,
Mkabala na duka la dobi.

Jumapili, tarehe nane, mwezi wa sita.

Mpendwa binti yangu, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu, lakini kwanza kaa, maana nakujua, wewe barua unaisoma umesimama na mkono mwingine unakoroga sufuria. Umekaa? Haya. U mzima? Mgongo unasemaje? Na yule ajuza unayemtunza, bado anakutemea dawa, au siku hizi anameza kama mtu aliyelelewa? Baridi ya huko imelegea? Funika kifua, mwanangu. Kikohozi hakina shemeji.

Sisi huku tupo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, la kulia limeshastaafu. Kaka yako fundi bomba hajambo, amepata kazi kwenye jengo refu, anarudi jioni amelowa kama samaki na ana njaa ya watu wawili. Mama Redio wa chumba cha mbele naye mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Ningependa kukuambia sote tu salama, si ndivyo barua zinavyoanza? Leo sisemi hivyo. Leo naogopa, mwanangu. Nimeubeba huu woga peke yangu mpaka umenizidi kilo, nimeona nikugawie na wewe mama mtu.

Kabla ya yote ujue anayeandika. Ni mwanao Kidonge, kama siku zote. Mimi na kalamu unatujua, ni kuku na mkasi. Basi mimi nasema, yeye anaandika, na maneno ya leo yote ni juu yake mwenyewe. Unaiona shida yangu? Ni sawa na kumtuma paka apeleke habari za maziwa yaliyopotea.

Maana barua ile iliyopita nilimwambia aandike kwamba hali chakula. Nikasema weee, mpaka koo likanikauka, nikaomba maji. Ulipoipata ukapiga simu, ukasema, "Mama, nimefurahi kusikia Kidonge anakula vizuri na amependeza." Nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyeshika nyoka. Na simu yenyewe ni ya Kidonge, amesimama papo hapo mbele yangu, anaangalia kucha zake. Nilipotaka kufungua mdomo, ajuza wako akagonga kengele, ukaaga, ikakatika.

Kwa hiyo leo tumekaa kitandani bega kwa bega. Mkono wa kulia anaandikia, wa kushoto nimeushika mimi. Nimemwambia, "Andika kila neno. Ukiruka, Mungu anaona na mimi nasikia kalamu." Kalamu isipotembea ninajua. Ningeweza kumpa Mama Redio aandike, anajua sana, lakini mtaa mzima ungekuwa umeshaisoma kabla gundi ya bahasha haijakauka. Halafu nikafikiri jambo jingine: mkono wake ukiandika, huenda masikio yake yakasikia.

Na mkono wenyewe ni wa baridi. Jua liko nje, watu wanajipepea kwa magazeti, na kiganja cha mtoto kama kimetoka ndani ya mtungi.

Sasa nianzie wapi? Nianzie kwenye gauni.

Lile gauni la bluu ulilompa yule nesi aliyekuja likizo atuletee. Lilifika salama, halina hata doa. Gauni zuri, sikatai. Kitambaa kinateleza kama maji, kiuno chembamba, vifungo vyeupe mgongoni kuanzia shingoni mpaka chini. Ukasema kwenye simu, "Alivae mwezi wa nane, siku ya kunipokea uwanja wa ndege, nimjue kwa mbali." Akarukaruka, tukapiga vigelegele, Mama Redio akaja bila kuitwa. Akaenda kulijaribu nyuma ya pazia.

Mwanangu, gauni lilifika kwenye nyonga likagoma, kama ng'ombe aliyekataa mlango. Mimi nikacheka, sikuwa na ubaya. Nikamwambia, "Lete hapa nilifumue ubavuni, kuna kitambaa cha akiba ndani." Unanijua, mimi nimeshona magodoro tangu hujazaliwa, mshono hauwezi kunisumbua. Akalivua, akalikumbatia hivi. Akasema, "Usiliguse, Bibi. Mama amelichagua mwenyewe." Ulipopiga simu akakwambia, "Limenikaa sawasawa, Mama, utasema ulinipima." Nikaona ni adabu tu. Nani anapewa zawadi halafu anaisimulia kasoro zake?

Wewe ulimwacha ana miaka kumi na miwili, kifua ubao, miguu kama fagio. Sasa ni mwanamke, miaka kumi na minane, ana nyonga zangu, na nyonga zangu unazijua, zilikuwa zinafungua milango zenyewe. Lakini gauni ulimnunulia yule wa miaka kumi na miwili. Sikulaumu. Mtu akiwa mbali, mtoto wake hakui, anabaki pale pale mlangoni alipomwacha akipunga mkono. Hata mimi nikikuota wewe, nakuota umevaa sare ya shule na soksi moja imeshuka.

Basi ndipo yakaja hayo maji.

Kwenye simu yake kuna mwanamke mmoja, kucha zake ndefu kama vijiko vya chai. Huyo ndiye mwalimu. Anasema chemsha maji, kamulia limau, kunywa ya moto asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, mafuta yote yanayeyuka kama sabuni. Kidonge akaanza, kikombe kimoja cha asubuhi. Nikaona hakina neno. Nikasema na mimi nimsindikize, labda goti litapata nafuu. Mimi na meno yangu manne! Nilipokunywa tu, tumbo likawaka kama jiko la mafuta ya taa. Nikamwambia, mjukuu wangu, nenda peke yako, mimi nakungoja hapa kwenye chai ya maziwa.

Mama Redio naye akaingia kwenye chama. Siku ya kwanza alikunywa kavu. Kesho yake akatia sukari. Keshokutwa akatia majani ya chai na mkate pembeni, anasema yanamfanyia kazi. Huyo hatakufa mapema.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Na mimi nililala kwenye methali hiyo. Kumbe nyumba ilikuwa inaungua na mimi nipo ndani.

Maana kile kikombe cha asubuhi, mwanangu, kilianza kwa kula mkate wa asubuhi. Baadaye kikatiwa kwenye chupa kikahamia kazini kwake kwa dobi, kikala chakula cha mchana. Sasa kimefika jioni. Kaka yako anapakua, Kidonge anasema ameshakula kazini. Tukimwuliza dobi, anasema huwa anakuja ameshakula nyumbani. Mtoto anakula njiani tu, kati ya mlango wetu na mlango wa dobi, na huo ni mtaa wa kuvuka kwa hatua chache!

Jikoni bakuli limejaa malimau. Ndoo ya taka ni maganda ya limau, sioni ganda la yai, sioni mfupa. Pembe za midomo zimempasuka. Meno yanamuuma, hawezi maji baridi. Na kwenye kitana chake, mwanangu, nywele. Nilizikusanya siku moja nikazifinya mkononi. Mimi nimejaza mito maisha yangu yote, najua kitu kikiwa kingi mkononi.

Watu wanamsifia, hilo ndilo linaloniua. "Kidonge umependeza! Tupe siri!" Hawajui kazi ya magodoro hao. Godoro likipungua pamba, ganda lake nje linabaki na maua yake, linang'aa tu, dukani utalisifia. Ukilikalia ndipo unapogusa mbao.

Ameacha kuandika. Anasema, "Bibi, hilo la godoro si lazima." Nimemwambia, lazima. Andika na kwamba ulisema si lazima. Haya, twende.

Jumatano ndiyo niliyoona kwa macho. Nilikuwa mlangoni napepeta mchele, nikasikia Mzee Mvuke anapiga kelele. Mzee Mvuke ndiye dobi mwenyewe, mwajiri wake, tunamwita hivyo kwa ile pasi yake kubwa inayopumua kama treni. Anaita, "Bibi yake! Bibi yake!" Nilivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, na goti likasahau kama ni bovu. Nikamkuta sakafuni kati ya vikapu. Macho yamegeuka juu. Pasi imelala kifudifudi juu ya shati la mtu mezani, moshi unatoka. Mzee Mvuke akaing'oa ile pasi, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, na huyo mzee mwenyewe hana nguvu za kutisha. Akaniambia, "Mama, huyu ni mwepesi kuliko mashati yangu."

Kwenye mkono ameungua kidogo, wakati anaanguka pasi ilimgusa. Kidogo tu, anasema. Lakini mimi niliona lile shati. Limetobolewa kifuani umbo zima la pasi, kingo nyeusi, unapitisha kichwa. Na tangu siku ile nikimtazama usoni sioni uso, naliona lile tundu. Pasi ni ile ile. Mtoto ni yule yule, bado anakwenda kazini kila asubuhi na chupa yake ya limau. Nani atakuwa karibu akianguka tena?

Tukampeleka zahanati. Daktari ni binti mdogo, ningeweza kumtuma dukani, lakini ana mikono ya upole. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Mtu anayesikiliza moyo kwa muda mrefu hana habari njema. Akauliza, "Umekula nini leo?" Kidonge akasema, "Nakula." Akauliza, "Nini?" Kidonge akasema, "Vitu." Daktari akaniangalia mimi. Mimi nikasema malimau. Nikasema yote, mpaka ya yule mwanamke wa kucha.

Akasema limau si sumu, na wala haliyeyushi mafuta ya mtu. Kinachompunguza huyu ni njaa. Akasema moyo unapiga polepole mno kwa msichana wa umri huu, mwili umeanza kujitafuna wenyewe kwa kukosa cha kutafuna. Akataka turudi Alhamisi ya wiki inayofuata apimwe damu, na amwone pia mtu anayezungumza na wasichana wenye hali kama hii, maana eti yeye si wa kwanza. Mwanangu, nilidhani ni wetu peke yetu.

Tulipotoka nje mwanao akasema, "Siendi Alhamisi. Sina ugonjwa." Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Kalamu imesimama tena hapo. Andika, Kidonge. Hata mimi nisiyesoma najua neno hilo ni fupi. Ameandika.

Nikwambie sasa kilichonifanya nisiweze kungoja mpaka uje. Si kule kuanguka. Ni la jana.

Jana nilikuwa nachambua maharage, nikasikia pazia. Akatoka amelivaa. Gauni la bluu. Limeingia, mwanangu. Vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni. Amenyoosha mikono, anasema, "Bibi, limeingia! Limeingia!" Furaha ile sijaiona usoni mwake tangu ulipoondoka. Akazunguka ili nione nyuma. Nikaona safu mbili za vifungo, mwanangu. Safu moja ya gauni, na nyingine chini ya kitambaa, ya mgongo wake mwenyewe. Ningeweza kuvihesabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Sikuwahi kudhani walikuwa wanasema nguo yenyewe.

Akataka kaka yako ampige picha akutumie. Nikasema mwanga mbaya. Nikasema simu haina chaji. Nikasema kila uongo uliopita karibu. Sikutaka uione picha ile ufurahi, useme, "Ona nilivyopatia!" Maana ukifurahi, nimekwisha. Mimi nitashindanaje na furaha yako?

Ndani ya bahasha utakuta uzi. Ni ule uzi wangu wa magodoro, usiutupe. Mimi sijui futi, nilikuwa napima kwa uzi na mafundo, na hakuna aliyewahi kurudisha godoro. Ule uzi ndio niliompimia Kidonge kiunoni mwaka jana alipoanza kazi, nikamshonea aproni. Fundo la mbali ndilo la siku ile. Fundo la karibu ni la leo, amekubali kupimwa kabla hatujaanza barua, alisimama kimya kama mbuzi wa mnadani. Shika fundo moja mkono huu, jingine mkono huu. Kilichopo hapo katikati ndicho kilichopotea mikononi mwangu. Ulinikabidhi mtoto mzima, na mimi naogopa kukurudishia nusu.

Sikuombi kitu kikubwa. Hela usitume, chakula kipo, kaka yako analeta. Nataka neno lako tu, kwa mdomo wako, si kupitia mimi. Mwambie unamtaka alivyo. Mwambie gauni ulilipima kwa kukumbuka, na kumbukumbu haina futi. Mwambie aniruhusu nilifumue. Kitambaa cha akiba kipo, nimekikagua kwa vidole, kinatosha kurudisha nyonga zake na zangu. Nguo ndiyo inayomfuata mtu, mwanangu. Sijawahi kuona godoro lililokuja kumkata mtu miguu ili atoshe.

Kama hatalisikia hilo kwako, naogopa utashuka huo mwezi wa nane ulikute gauni, usimkute mvaaji. Nimeshasema. Nilikuwa nalizunguka hilo neno tangu asubuhi kama kuku anayezunguka kabla ya kutaga.

Unakumbuka kwa nini tulimwita Kidonge? Ulipomzaa alikuwa mviringo, hana shingo, mkunga akasema, "Huyu mtoto au kidonge cha unga?" Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Siku hizi nikimwita jina hilo anageuka, nami naona haya, kama niliyemwita mtu mwingine.

Najua huko wewe unamlisha mama wa watu kwa kijiko, unambembeleza fungua mdomo, meza, hodari. Basi fanya kama unambembeleza wako kwa mbali. Mimi hapa nitashika kijiko.

Kaka yako anakusalimu, anasema umletee viatu vya kazi vya mpira, mguu wake bado ule ule mkubwa. Mama Redio anakusalimu, anataka kujua kama ni kweli huko mbwa wanavaa makoti. Mzee Mvuke anakusalimu, amesema la shati tusilizungumze tena. Msalimie ajuza wako, mwambie mwenzake wa magoti anamwombea. Mungu akutandikie pa kulala palipo laini, akufunike usiku uione kesho yako, na atukutanishe sote tukiwa na uzito wetu.

Chini ya karatasi pamebaki nafasi. Nimempa Kidonge aandike lake. Mimi sisomi, sitajua ameandika nini, hata barua hii yote sijui kama ni niliyoyasema au ameandika habari za hali ya hewa. Nimemwachia Mungu na mkono huu nilioushika.

Wako akupendaye na mwenye hofu,
Mama yako.

Mama, ni mimi. Nimeandika yote aliyosema Bibi, hata yale niliyotaka kuyaruka. Na barua ile nyingine ni kweli, niliibadilisha.

Gauni halikunitosha tangu siku ya kwanza. Ulisema unijue kwa mbali. Mimi nimebadilika sana, Mama, hata sura. Nilikuwa naogopa utatoka pale na mizigo yako, utaniangalia, halafu utanipita ukimtafuta yule mdogo.

Bibi amesinzia hapa begani kwangu. Mkasi wa kufumulia ameuweka juu ya gauni tangu asubuhi. Sijauondoa. Alhamisi nitakwenda, lakini naogopa, usicheke.

Ukifika usitafute gauni la bluu. Mtafute Bibi. Atakayekuwa ameshikwa mkono na Bibi, ndiye mimi.